Fundi Aliyeandika Nyuma ya Picha

Mwandiko wangu ni mbaya. Nawaambia mapema msije mkadhani karatasi zimenyeshewa. Herufi zangu hulala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua, na nikijaribu kuandika haraka zinapandana. Niliishia darasa la saba. Pale nilipoweka l mahali pa r, au nikameza herufi, mnisamehe na mwendelee kusoma, kwani ndivyo tusemavyo huku kwetu na mkono unafuata mdomo. Mimi pia si mtu wa kusema mbele za watu. Kilichonishikisha kalamu ni mtu mmoja ambaye siku moja nilitakiwa nimsemee maneno machache, nami nikanyamaza.

Mtu huyo tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Habari za kuzaliwa kwake sizijui, hakuwa mtu wa kuzisimulia. Usemi wake ulikuwa wa Kimatumbi, wa watu wa vilima vya kusini, na hilo lilitosha kumfanya kwetu awe mtu wa kuja hata baada ya kukaa nasi miaka. Alipanga chumba Kibiti na alikuja kijijini kwa baiskeli. Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya za umeme majumbani. Kijiji chetu kiko ndani, upande wa Mtunda, na katika miaka yote aliyofanya kazi kwetu hapakuwa na umeme. Hapakuwa hata na nguzo moja.

Msishangae. Miaka ile, tangu ruksa ya biashara ianze, kila kitu kilikuwa dukani na kila kijana alikuwa njiani. Wengine walikwenda Dar, wengine Maskati, wengine walizamia meli wakatokea Durban. Waliopata chochote walituma nyumbani, na karibu wote walitaka kitu kimoja, nyumbani kwao kuwe na taa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesema mkutanoni kwamba nguzo ziko njiani, na zitaanzia kijiji ambacho nyumba zake zimeshafungwa nyaya. Ikaundwa kamati ya umeme, ukaanzishwa mchango wa nguzo. Fedha zikawa zinatoka mbali, na Fundi akawa anatoka Kibiti, mzinga wa waya umefungwa nyuma ya baiskeli yake.

Testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, aliiweka kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo mwalimu huweka kalamu. Alikuwa nayo hata msikitini. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, jua liwe kali namna gani. Futi ya kupimia alikuwa nayo lakini hakuitumia, alipima kwa shibiri na kukosea ni mara chache. Kuta zetu ni za miti na udongo, na udongo haushiki msumari, kwa hiyo alitafuta kwanza ule mti ulio ndani kwa kugonga na kusikiliza, sikio limelala ukutani kama anayesikiliza jirani wakigombana. Akiupata mti anapigilia mbao nyembamba aliyoipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, na juu ya mbao analaza waya. Nyumba ikiisha, waya umenyooka ukutani kama mstari wa daftari.

Alikuwa mkali kwa swichi. Watoto walipenda kuzibonyeza kwa sababu ya ule mlio, na yeye hakuvumilia. Akiikuta swichi ya nyumba ya mtu iko chini, imewashwa, ataingia bila hodi kuizima.

"Mmeacha wazi," atasema.

"Wazi kitu gani, Fundi? Umeme wenyewe haupo."

"Haupo leo. Ukija usiwakute na tabia mbaya."

Wazee wa barazani walimchoka kwa hilo na walimlipa kwa maneno. "Fundi, huo umeme wako unakuja kwa miguu?" Naye alikuwa na jibu lake moja ambalo hakulibadilisha miaka yote: "Mimi naweka njia. Mpitaji si wangu."

Walikuwa na neno kali zaidi la kumtupia. Fundi alikuwa na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokufa, havikunjiki. Alivipata Dar alipokuwa kibarua, alishikwa na umeme. Hakuvificha, lakini hakupenda kuulizwa. Siku moja mzee mmoja alimwambia mbele ya watu, "Sasa nimekujua. Wewe ni fundi wa umeme unayekimbia umeme. Ndiyo maana umekuja kufanya kazi gizani, ambako hakuna wa kukung'ata."

Watu wakacheka sana. Fundi alikunywa chai yake yote, na chai yake ilikuwa ya sukari nyingi kama uji, ndipo akajibu. "Ni kweli. Nauogopa. Anayefunga nyaya bila kuogopa, msimruhusu aingie kwenu."

Nilimpenda kwa jibu lile, ingawa sikumwambia. Hakuna mwanaume mzima niliyewahi kumsikia akisema anaogopa kitu, achilia mbali kitu alichokuwa anakileta mwenyewe.

Jambo jingine. Alikataa kufunga nyumba bila kufunga jiko. Majiko yetu yako nje, ya makuti, na wenye nyumba waliona ni kupoteza waya. Watoto waliokuwa mbali walitaka taa ya sebuleni na ya barazani, zionekane. Fundi anakunja vifaa vyake. "Mwenye kazi za jioni ni nani hapa?" anauliza. "Si huyu aliyeko jikoni?" Hakukunja kwa kutisha, alikuwa anaondoka kweli, na mara mbili aliondoka. Kwa hiyo kijiji chetu, ambacho hakina umeme, kina holda za taa katika majiko ya makuti, nyeusi kwa moshi.

Kwetu alikuja nilipokuwa darasa la sita. Baba alikuwa amefariki. Kaka yangu Seifu alikuwa Durban, anakwangua kutu kwenye meli bandarini, na ndiye aliyetuma. Fundi alimaliza sebule, akaja kwenye chumba nilichokuwa nalala na bibi, akasimama na nyundo.

"Binti, swichi ya humu ikae wapi?"

Sikuwa nimezoea kuulizwa kitu. Nikainua mkono nikagusa ukuta pale mkono wangu ulipofika bila kujinyoosha. Akapagonga, akasikiliza, mti ulikuwepo, akapigilia hapohapo.

Mama alipoona akasema, "Fundi, hiyo umewawekea kuku?"

"Nimemwekea mwenye chumba."

Mpaka leo swichi ile iko chini kuliko zote kijijini.

Sasa niwaeleze siku ya kuwasha, kwa sababu yote yaliyomkuta yalitoka huko. Fundi hakukubali kupokea malipo ya mwisho kabla ya kujaribu kazi yake mbele ya watu. Alikuwa na betri ya lori, aliichaji Kibiti, na taa ndogo za lori alizozitengenezea vitako ili zikae kwenye holda za nyumba. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Watu wanaalikwa. Kwa kuwa ni mchana, wanawake wanatundika majamvi madirishani na milangoni mpaka ndani panakuwa giza. Mwalimu wa chuo cha Kurani anasoma dua, ubani unafukizwa, halafu Fundi aliyejificha nyuma ya nyumba na betri yake anaunganisha. Taa zinawaka. Vigelegele. Watu wanaingia kwa zamu, wanatazama juu, wanatoka wakipangusa jasho. Inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha anachomoa, maana betri haina nguvu, na majamvi yanashushwa ili watu wakae wale pilau.

Katika muda ule mfupi mpiga picha wa Kibiti anapiga picha. Mama wa nyumba anasimama chini ya taa na kanga mpya. Picha zinasafishwa mbili. Moja inakwenda kwa mtoto aliyetuma fedha, ashuhudie kazi yake. Nyingine inakaa kwenye albamu ya Fundi, ya kuwaonyesha wateja. Na nyuma ya kila picha, hii na hii, Fundi aliandika kwa kalamu ya wino: *Jaribio. Betri.* Kwenye picha betri haionekani, alisema, na picha haina mdomo.

Zilipokuja picha zetu alikaa barazani akatoa kalamu. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kinachoandikwa.

"Fundi, ngoja. Ya kwangu usiandike."

"Kwa nini, Mama Seifu?"

"Mwanangu akisoma betri atavunjika moyo. Miaka mitatu anakwangua kutu. Atasema fedha zake zimenunua taa ya lori."

"Fedha zake zimenunua waya, na waya upo."

"Waya haupendezi kwenye picha. Niachie hii moja. Nguzo si zinakuja?"

Niliona vidole vyake viwili vilivyokufa vimenyooka juu ya picha. Akafunga kalamu.

"Basi na hii yangu nitaiacha hivyohivyo," akasema. "Siwezi kuwa na picha mbili za nyumba moja, hii inasema na hii imenyamaza."

Akaitia picha yetu kwenye albamu, nyuma nyeupe. Barua ya kwenda Durban niliiandika mimi. Mama alisema, mimi nikaandika: taa iliwaka, watu walikuja wengi, kuku watatu walichinjwa, bibi alilia. Habari ya betri Mama hakuitaja. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na nilijua, na sikuiandika.

Baada ya miezi mingi lilikuja gari la mkaa kutoka Kibiti, limebeba friji imesimamishwa na kufungwa kamba kama mgonjwa. Kijiji kizima kilitoka. Ndani yake kulikuwa na barua ya kaka. Niliisoma kwa sauti, polepole, na kadiri nilivyosoma Mama alizidi kujikunja.

Aliandika kwamba kwa kuwa umeme umeshafika nyumbani, mchango wa nguzo ameusimamisha na fedha yake ameiweka kwenye friji hii. Mdogo wake, yaani mimi, nigandishe barafu niwauzie wachuuzi wanaopita kwetu na kamba wabichi na samaki kutoka upande wa Mbuchi, maana nusu ya mzigo wao huwaharibikia njiani. Biashara ikishika, anarudi. *Huku si pa kukaa,* aliandika. *Niambieni tu barafu imeganda, nitapanda gari.*

Fundi alipita wiki ile kurekebisha mbao iliyolegea. Aliifungua friji, akaifunga, akaifungua tena. Akakaa chini sakafuni.

"Mwandikieni," alisema.

"Nguzo zikija mwezi huu hatutakuwa tumemdanganya," Mama akasema.

"Mama Seifu. Mwandikieni."

Hatukumwandikia. Mama aliweka kanga zake ndani ya friji, na unga, kwa sababu panya hawawezi kuifungua.

Mwenyekiti alikuja kumtafuta Fundi siku hiyohiyo, akamkuta uwanjani kwetu anafunga vifaa kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa nafagia. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, mwenye kofia safi.

"Fundi, niazime albamu yako. Wakubwa wa wilaya wanataka kuona kama kijiji kiko tayari."

"Chukua. Lakini ni za majaribio hizo. Nyuma nimeandika."

"Ndiyo vizuri. Watasoma."

"Hii ya Mama Seifu haina maandishi. Uwaambie kwa mdomo."

"Nitawaambia."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeinama na ufagio, hawakunijali, kwa kuwa watu hawanijali. Nilimwona Fundi akiipangusa albamu kwa kiganja kabla ya kuitoa.

Mwaka huo tulingoja. Tuliambiwa umeme utakuja na bomba la gesi, tukaambiwa utakuja na jenereta, kila mgeni alikuwa na habari yake. Mwenyekiti alileta mashine ya kusaga, ya dizeli, mpya kabisa, na hakuna aliyemwuliza fedha zimetoka wapi kwa sababu tulikuwa tumechoka kutwanga. Kisha akaja kijana mmoja mwenye pikipiki na faili, ametumwa na ofisi kupima njia ya nguzo kwenda kijiji kinachofuata. Alisimama kuomba maji. Bi Mwanahawa, jirani yetu, alimpa maji akamwuliza.

"Na sisi lini, mwanangu?"

"Nyinyi mmeshapata, bibi."

"Tumeshapata nini?"

"Umeme. Mmeandikwa mmeshapata. Mchango wenu umeandikwa umetumika, nguzo zimesimama."

Bi Mwanahawa aligeuka huku na huku. "Hebu nionyeshe yangu, nikafungie mbuzi."

Kijana hakucheka. Akafungua faili. Kulikuwa na karatasi ngumu na juu yake zimebandikwa zile picha, safu kwa safu, akina mama na kanga mpya, kila mmoja chini ya taa inayowaka.

"Huyu si mimi huyu?" Bi Mwanahawa akasema. "Hiyo ni taa ya lori, mwanangu. Iliwaka muda wa kikombe cha chai."

"Kwenye picha inawaka, bibi."

"Na mimi kwenye picha nimenona. Nitazame."

Watu walijaa. Mwenyekiti aliitwa, na kwa kuwa ni siku yake ya kuja, Fundi alikuwepo. Mkutano ukawa papo hapo, mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti, wengine tulisimama. Alisema kwa taratibu yake kwamba yeye alipeleka alichopewa. Picha ni za Fundi. Fundi ndiye aliyewasha, ndiye aliyeita mpiga picha, ndiye aliyezitunza. Kama Fundi alipiga picha za umeme usiokuwepo, ofisi ya kijiji ingejuaje kwamba wilayani watazisoma hivyo? Aliuliza kama mtu anayeuliza kweli.

"Zigeuzeni," Fundi alisema. "Nyuma nimeandika zote."

"Zimebandikwa kwa gundi," kijana akasema.

"Bandua."

Kijana alisita, halafu akaingiza ukucha chini ya picha ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa yetu. Waliiweka ya kwanza kwa sababu ilitoka vizuri kuliko zote. Ilibanduka upesi, gundi ilikuwa imeshika pembeni tu. Akaigeuza akaiinua watu waone.

Nyuma palikuwa peupe.

"Hiyo moja sikuandika," Fundi alisema. "Bandua nyingine."

Watu waliguna. Mtu akasema, "Kila mwizi husema ni hiyo moja tu." Kijana alikataa kuendelea, akasema hili ni faili la serikali na yeye hakutumwa kulichana. Akalifunga akaliweka kwapani.

Fundi alimtazama Mama. Mama alishika pindo la kanga akaanza kulikunja, akalikunja mpaka likaisha. Angesema ni yeye aliyeomba picha ile isiandikwe, ingejulikana kwamba alimdanganya mwanawe, na akina mama wote waliotumiwa fedha walikuwa wamesimama pale.

"Kuna mtu alisikia," Fundi akasema, "nilipomwambia Mwenyekiti kwamba nyuma nimeandika."

Hakuninyooshea kidole. Alitazama chini, karibu na miguu yangu. Alijua siwezi kutazamwa. Alinifanyia adabu hata saa ile, akaniachia nafasi nijitokeze mwenyewe. Nilikuwa na maneno mdomoni, ninawaambia kweli, yalikuwa tayari. Nilihesabu kwamba nitasema akimeza mate. Akameza. Nikahesabu kwamba nitasema Mwenyekiti akinyanyuka. Mwenyekiti akanyanyuka, mkutano ukaisha.

Vijana walichukua baiskeli yake, na mzinga wa waya. Testa walimwachia. Alivuka uwanja kwa miguu, shati limefungwa mpaka shingoni, na alipopita kwetu alisimama. Swichi ya barazani ilikuwa chini. Akaizima, akaenda.

Kijiji kinachofuata kilipata nguzo. Sisi, kila tulipokwenda kuuliza, tuliambiwa kijiji kilichokwisha kupata hakiwezi kuomba upya, mpaka ithibitishwe kwamba hakijapata, na wa kuthibitisha ni Mwenyekiti. Kaka aliambiwa na baharia mwenzake aliyepita kwetu akaona kanga ndani ya friji. Barua yake ilikuwa fupi, naikumbuka yote. *Nilikuwa nimeshaaga kazini. Nilionyesha watu ile picha. Sasa nimeomba kurudi kazini na wananicheka. Msiniandikie tena habari za taa.* Tuliandika, nyingi. Hakujibu. Bibi alifariki akiwa hajamwona. Mama sasa anasema Seifu atarudi mvua zikiisha, na mvua zimekwisha mara nyingi.

Fundi nilimwona mara moja tu tena, Kibiti, mwaka huu. Nilikwenda kuuza mchele. Nyuma ya soko wanakaa mafundi bati, na kati yao alikuwepo, kwenye kigoda, amezeeka, upande mmoja wa uso umelegea. Alikuwa anatengeneza vibatari kwa makopo ya maziwa. Alikata kopo, akakunja, akalehemu, akatia utambi, na kila alichomaliza alikigeuza akakwaruza kitu chini yake kwa msumari.

Nilisimama mbali kwa muda mrefu. Hakuinua macho.

"Binti wa swichi ya chini," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Kaka yako?"

Nikatikisa kichwa. Akachukua kopo jingine.

"Swichi ipo bado?"

"Ipo. Nikiingia huwa naibonyeza."

"Ukitoka?"

"Naizima."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nilichukua kibatari kimoja nikakigeuza. Chini kilikuwa kimekwaruzwa: *Hakivuji.* Nikageuza kingine: *Kinavuja kidogo.* Hicho alikuwa anakiuza kwa bei nafuu.

Nikamwambia. Nilimwambia nilisikia siku ile, nikiwa na ufagio, na ningeweza kusema. Nilisema nitakwenda kusema sasa, kwa Mwenyekiti, kwa wilaya, kwa yeyote. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Alingoja nimalize. "Sasa nani anasikiliza?" alisema. "Siku ile walikuwa wamesimama wote, wamenyamaza, wanangoja. Watu wa namna ile huwapati mara mbili."

"Mama anaomba radhi," nikasema. Mama hakuwa amenituma.

"Mama yako alikuwa na mtoto mbali. Mimi nilikubali, hakunilazimisha. Yeye simlaumu." Akapuliza risasi aliyolehemia ipoe. "Wewe ulikuwa na nini?"

Nilinunua kibatari, kile kisichovuja, nikatoa bei aliyoitaja. Nilifikiri labda atapunguza, kwa ajili ya zamani. Hakupunguza. Aliifunga pesa kwenye kitambaa kwa vile vidole vitatu vinavyokunjika, akasema, "Usikijaze mpaka juu," akageukia mteja mwingine.

Kibatari hicho ndicho ninachoandikia. Kweli hakivuji.

Nimefikiri sana neno lake, kwamba watu wa namna ile hawapatikani mara mbili. Lile faili sijui liko wapi. Lakini kila picha ilikuwa na pacha wake, na mapacha walikwenda mbali: Dar, Maskati, Durban, kwenye masanduku ya watu wa kwetu walioondoka miaka ile. Kama wewe unayesoma unayo, ya mama aliyesimama chini ya taa na kanga mpya, na nyuma yake kuna jamvi limetundikwa dirishani, nakuomba uigeuze. Tazama kilichoandikwa nyuma kwa wino, kisha niandikie. Aliyekufikishia karatasi hizi anajua pa kunipata. Ukikuta ni peupe niandikie vilevile, nataka kujua hata kama itaniumiza. Barua zikifika nyingi nitazibeba mpaka mbele ya ofisi ya kijiji na nitazisoma mwenyewe kwa sauti, hata kama itanichukua kutwa nzima.

Picha moja najua haina kitu. Kama aliye nayo ni kaka yangu, achukue kalamu aandike nyuma yake mwenyewe: *Jaribio. Betri.* Kisha aniandikie kwamba ameandika.